Chaneli ya Baada ya Taarifa ya Habari

Baba Pacha alikata huduma ya dishi siku ya Jumatatu baada ya chakula cha mchana, akiwa na miwani ya kusomea na kandambili. Alikuwa amepigia simu kampuni kuuliza kwa nini picha inaganda kila mshambuliaji anapoinua mguu. Sauti ya mwanamke ilimshukuru kwa kupiga simu, ikamwomba asubiri. Kikaja kinanda. Kisha sauti ileile, tafadhali subiri. Chai yake ilipoa mpaka ikafanya utando. Alipompata binadamu mwenye pumzi zake, habari za mpira zilikuwa zimeshamtoka moyoni.

"Kateni," alisema. "Mimi ni mtu mzima. Siwekwi nisubiri kama mzigo wa stendi."

Alikuwa mkaguzi wa mizani mstaafu. Maisha yake yote alizunguka masokoni akihakikisha kilo ni kilo, na nyumbani pia alitaka kila kitu kikae mahali pake. Mahali pa taarifa ya habari palikuwa saa mbili usiku, na hapo nyumba nzima ilinyamaza. Mama Pacha aliijua sheria hiyo kabla hata ya kuzaa hao pacha, ambao sasa walikuwa watu wazima na miji yao. Akiwa na neno, alisimama mlangoni mwa sebule akalisema, na mumewe, bila kugeuza shingo, aliinua kiganja cha kulia. "Subiri kwanza. Taarifa." Baada ya taarifa kulikuwa na hali ya hewa. Baada ya hali ya hewa Baba Pacha alikuwa anakoroma.

Jumatatu hiyo Mama Pacha alikuwa na neno. Kliniki ya macho ilikuwa imemwambia jicho lake la kushoto lina presha, lipasuliwe mwezi ujao kabla halijazimika, maana jicho la namna hiyo likizimika ni maji yaliyomwagika. Wakamwambia aje na mtu, kwa sababu hawampasui mtu asiye na wa kumshika mkono kumrudisha nyumbani. Alipoona dishi limekatwa na kioo ni cheusi, alidhani bahati imemwangukia. Akasimama mlangoni. Baba Pacha akawasha redio.

Fundi wa antena alikuja kesho yake na antena mbili. Moja ilikuwa ndogo, ya kuweka ndani juu ya kabati. Nyingine ilikuwa ya nje, ndefu, yenye miiba kama samaki aliyeliwa akabaki mifupa. Baba Pacha alizipima zote mbili kwa mkono, kwa mazoea ya kazi, akachagua nzito. Fundi alitaka kuifunga mbele ya nyumba, pembeni, kama za mtaa mzima zilivyofungwa kutazama mnara wa kilimani. Baba Pacha alikataa. Mlingoti mbele ya nyumba ungeharibu sura ya nyumba. Akaagiza ufungwe nyuma, kando ya jiko.

"Huku nyuma, mzee, itatazama kilimani kwa kupitia juu ya sebule yako," alisema fundi.

"Kwani sebule ina nini?"

"Inategemea. Nyumba nyingine maneno yamejaa darini. Antena inayakamata hayo kwanza."

"Humu hakuna maneno," alisema Baba Pacha. "Sisi ni watu wa utulivu."

Dishi la zamani liliteremshwa, likalazwa uani, na kuku wakaanza kunywea maji humo jioni ileile. Fundi alipanda juu ya paa na spana. Mama Pacha akapewa kazi ya kuzungusha mlingoti kutoka chini, na Baba Pacha akakaa sebuleni mbele ya kioo, akielekeza kwa kupayuka kupitia dirishani.

"Zungusha! Zungusha tu! Hapo hapo! Aa, umepitiliza! Rudisha!"

"Baba Pacha," alisema mkewe, ameukumbatia mlingoti, "kliniki wamesema mwezi ujao..."

"Rudisha kidogo!"

"...nisiende peke yangu."

"Hapo! Usiguse tena!"

Fundi akakaza nati palepale.

King'amuzi kipya kilitafuta chaneli chenyewe. Kilipata ya taifa, mbili za mpira, moja ya mahubiri, moja inayouza masufuria kutwa, na ya mwisho isiyo na jina. Hiyo ya mwisho ilikuwa giza mchana kutwa. Taarifa ya habari ilipokwisha, televisheni ilihamia huko yenyewe.

Kwenye kioo alionekana Mama Pacha akiwa kijana, amesimama mlangoni mwa sebule ileile, tumbo limetangulia. "Nadhani ni wawili," alisema. Chini ya picha kikainuka kiganja cha mwanamume. "Subiri kwanza. Taarifa." Picha ilikuwa safi, haina chenga hata moja.

Baba Pacha aliweka mto vizuri mgongoni. "Umetoka vizuri," alimwambia mkewe.

"Asante," alisema Mama Pacha. Alikuwa amelisahau gauni lile.

Kila jioni chaneli ilionyesha miaka kadhaa. Mama Pacha alisema paa linavuja juu ya kitanda cha watoto. Alisema amepata nafasi chuo cha ualimu na jibu linatakiwa Ijumaa. Alisema mama yake mzazi amefariki, kisha akasimama palepale mlangoni, mikono imeshika fremu, akangoja mpaka hali ya hewa ikaisha. Kila mara kiganja kilikuwepo. Mwenye kiganja hakuonekana.

Hali ya hewa haikuonekana tena, na Baba Pacha hakukoroma. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yake alimsikiliza mkewe kuanzia mwanzo wa sentensi hadi mwisho, na alimsikiliza vizuri, kidevu mkononi. Siku ya msiba alitoa leso. Mama Pacha alimwona akijifuta machozi, akatoka kwenda kuwapa kuku maji.

Habari zilitoka nje ya nyumba, kama zinavyotoka. Mshonaji wa nyumba ya pili alianza kuja, halafu kinyozi wa kona, ambaye alisema chaneli za kwake zote ni marudio. Hakuna aliyeuliza chaneli hiyo inatoka wapi. Waliuliza inaanza saa ngapi. Mama Pacha aliwatengenezea chai.

"Huyu mwenye kiganja hana utu," alisema mshonaji.

"Mtu wa hovyo kabisa," alisema Baba Pacha. "Mimi mwanamume kama huyu ningempimia kwenye mizani yangu, asingefika nusu kilo."

Kinyozi alikitazama kiganja kwenye kioo, chenye kovu refu chini ya kidole gumba. Akakitazama kiganja kilichoshika kikombe pembeni yake. "Nyani haoni..." alianza, lakini mshonaji alimfinya paja, kwa kuwa chai ilikuwa nzuri na hakukuwa na sababu ya kumuudhi mwenye nyumba. Baba Pacha mwenyewe aliliona kovu na hakushangaa. Makovu ya chini ya kidole gumba yako mengi duniani.

Mwezi ulikuwa umekaribia kwisha chaneli ilipofika kwenye jicho. Mama Pacha wa kwenye kioo alikuwa na mvi zilezile za Mama Pacha aliyebeba sinia. "Jicho la kushoto lina presha," alisema. "Likizimika, basi tena." Sebule nzima iliguna. Mama Pacha wa sinia alimimina chai kwenye goti la kinyozi, upande wa kushoto, pale alipodhani pana kikombe.

"Pole, mama," alisema kinyozi, akasogea kidogo ili sinia lisimzibe.

Siku moja kabla ya miadi, Mama Pacha aliingia sebuleni amevaa viatu vya kutokea, mkoba mkononi, ili angalau vimsaidie kusema. Alisimama mlangoni. Kwenye kioo pia alikuwa amesimama mlangoni, Mama Pacha wa jana.

"Baba Pacha, ni kesho asubuhi," alisema.

Kiganja kiliinuka kutoka kwenye kiti. "Subiri kwanza, mke wangu. Unaongea."

"Wamesema nisiende peke yangu," alisema Mama Pacha wa jana.

"Si ampeleke basi!" Baba Pacha aliupiga mkono wa kiti. "Ana kazi gani huyo bwana, kutwa amekaa? Unayasikia haya, Mama Pacha?"

"Nayasikia."

"Sikio la kufa halisikii dawa," alisema Baba Pacha kwa uchungu wa kweli, na majirani wakaitikia.

Asubuhi Baba Pacha alikuwa bado amelala, amechoka na hasira za jana. Mama Pacha alipita kwa mshonaji, akamkuta ana sare za shule za kumalizia. Alikwenda peke yake. Muuguzi alimuuliza mtu wake yuko wapi, akajibu yupo nyumbani. Wakampa tarehe nyingine, mbali, baada ya mvua. Alirudi kabla ya chakula cha mchana akapika.

"Subira huvuta heri," alisema Baba Pacha, aliposikia habari hizo jioni ya kesho yake kwenye chaneli.

Mvua zilikuja. Picha haikusumbua hata siku moja, na Baba Pacha aliisifu antena kwa kila mgeni. Dishi la uani lilijaa maji, kuku wakanywa. Mama Pacha alianza kugongwa na milango upande wa kushoto. Kisha asubuhi moja aliamka, akafumba jicho la kulia ili ajaribu, na chumba hakikuwepo.

Alikaa na jambo hilo mchana kutwa. Hakulia. Alichambua mchele kwa jicho moja, akaona unachambulika. Jioni alikwenda kusimama mlangoni mwa sebule, kabla ya taarifa, akiwa amewahi kwa makusudi.

Baba Pacha alikuwa na simu sikioni, uso umeiva. Alikuwa ameona kwamba mambo ya mwanamke yule wa kwenye kioo hayawezi kuachwa hivihivi. Alikuwa amepigia kituo cha televisheni kulalamika, na alikusudia kudai mwenye kiganja atafutwe, atajwe, na kama sheria inaruhusu, ashitakiwe. Simuni kilisikika kinanda. Sauti ya mwanamke ilimshukuru, ikamwomba asubiri, naye safari hii alisubiri bila kunung'unika, kwa kuwa jambo lenyewe lilikuwa la haki.

"Baba Pacha," alisema mkewe. "Jicho limezimika."

Aliinua kiganja, bila kugeuza shingo.

"Subiri kwanza, mke wangu," alisema kwa upole ambao hakuwahi kuutumia. "Ninakutetea."

Mama Pacha alisubiri kidogo, akisikiliza kinanda. Halafu akaenda kuchemsha maji, maana majirani walikuwa wanakaribia kufika. Maneno yake yalipanda darini, na kesho yake yalionyeshwa baada ya taarifa ya habari. Sebule nzima ilisema maskini.