Jiwe Liko Kazini

Tangu sikukuu ya Mtakatifu Dimitar ipite mwishoni mwa Oktoba, Nedyalka hakumwacha mumewe akae kitako. Kuni zipasuliwe na kupangwa ukutani. Bomba la jiko litolewe masizi. Mashina ya mizabibu yafukiwe udongo. Viazi vishushwe stoo ya chini, vitunguu visukwe na kutundikwa. Lozan alikuwa na miaka sabini na mmoja na aliamini kwamba mtu akistaafu, amestaafu. Kazi zote alizifanya, tusimsingizie, ila kwa mwendo wa watu wanaosindikiza jeneza.

"Mzee, kwa kasi hiyo theluji itakukuta na shoka mkononi," Nedyalka alimwambia.

"Theluji si mgeni hapa. Ikija itangoja."

"Itangoja nini? Itakufunika hapo hapo ulipo, nami nije nikutafute mwezi wa tatu."

Kazi moja tu haikuwa na mzaha, nayo ni pipa la kabichi. Kijijini Slatvina mwanamke hupimwa kwa pipa lake. Nedyalka alikuwa amechonga vikonyo vya kabichi kilo mia na ishirini, akazitia chumvi, akazipanga ndani ya pipa na kuzimwagia maji. Juu yake aliweka mbao mbili zilizokingamana, na juu ya mbao likabaki kuwekwa jiwe. Jiwe ndilo huzizuia kabichi zisielee. Ikielea moja tu huota ukungu, na la kuvunda halina ubani, pipa zima linamwagwa. Zikitulia chini ya maji siku arobaini, Krismasi ina sarmi, nyama na mchele vilivyofungwa kwa majani ya kabichi, wageni wana cha kusifu, na mlevi ana maji chachu ya kumzindua asubuhi.

Asubuhi hiyo Nedyalka alipanda basi kwenda mjini kung'olewa jino. Akiwa mlangoni, shavu limefungwa kitambaa, aliacha agizo moja.

"Lioshe jiwe, liweke. Nikirudi nilikute juu."

"Hilo nalo ni la kuniambia?"

Lilikuwa la kumwambia. Lozan aliliosha bombani vizuri tu, kisha akalibeba kwa mkono mmoja kwa sababu mwingine ulikuwa umeshika sigara. Kwenye ngazi ya stoo mguu uliteleza. Sigara ilisalimika. Jiwe lililowatumikia miaka thelathini na minane lilipasuka vipande vitatu.

Alikaa kwenye ngazi akavitazama. Mawe hayakosekani Slatvina, lakini ni mawe ya chokaa, na hata mtoto mdogo anajua kwamba maji ya kabichi hula chokaa, kisha kabichi inalainika mithili ya sabuni. Jiwe la pipa lazima liwe la mtoni. Mto uko kilomita kumi na mbili, na Lozan hakuwa na gari. Alikuwa na toroli, ukungu mzito nje, na saa moja na nusu kabla ya basi kurudi. Tena alilijua jiwe moja la mtoni lililokuwa hatua arobaini tu kutoka pale alipokaa. Lilikuwa jiwe la mpaka.

Mwenye akili angewasha sigara nyingine akangoja adhabu yake.

Jiwe hilo lilikuwa katikati ya bustani yake na bustani ya jirani yake Rangel. Baba zao ndio waliolileta kutoka mtoni kwa gari moja la farasi, wakachonga alama ya msalaba juu yake na kulizika nusu. Wana wao waliishi wakiliruka kila siku, huyu akienda kwa yule kucheza karata, yule akija kwa huyu kuonja pombe kali ya rakia. Mpaka mwaka ule Rangel alipopima kwa kamba na kutangaza kwamba jiwe limesogea shubiri nzima upande wake.

"Jiwe halina miguu," Lozan alimwambia.

"Ndiyo, lakini wewe unayo."

Miaka kumi na moja ilipita hata salamu hakuna. Dukani Rangel alimwita mwizi wa mpaka, mbele ya watu. Petrana, mke wa Rangel, alipofariki, Lozan alisimama nyuma kabisa makaburini akarudi nyumbani bila kumpa rafiki yake mkono, na jambo hilo lilimuuma mpaka leo. Faraja yake ilikuwa moja. Jiwe lile hakuwahi kuligusa hata kwa ncha ya kidole. Akilala, alilala na hilo.

Sasa alikwenda akaling'oa kwa jembe.

Gurudumu la toroli lililia njia nzima hadi akalitemea mate ya kulainisha. Alijiambia ni mkopo tu. Krismasi ikipita atalirudisha usiku mmoja, na nani atajua? Ili asipoteze mahali penyewe, alichomeka liki moja, jamii ya kitunguu, ndani ya shimo, akashindilia udongo. Palikuwa na safu ya liki jirani tu, hivyo moja zaidi isingemshtua mtu.

Nedyalka aliporudi, shavu limevimba, alishuka stoo moja kwa moja.

"Hili si jiwe letu."

"Letu limechoka, likapasuka."

"Na hili?"

"La mtoni," alisema Lozan, na huo ulikuwa ukweli. "Nimeomba trekta," aliongeza, na huo haukuwa.

Nedyalka alilipapasa ndani ya maji gizani, mkono wake usiifikie alama ya msalaba. Lilikuwa zito, laini, limekaa kama lililofinyangwa kwa ajili ya pipa lile. Alimgeukia mumewe na kutabasamu kwa upande wa mdomo uliokuwa mzima.

"Miaka arobaini na mitatu nimeolewa nawe. Leo ndiyo siku ya kwanza umefanya jambo bila kusukumwa."

Lozan angependa zaidi apigwe.

Kila baada ya siku mbili pipa lilitaka kupulizwa. Unashusha mpira mrefu wa maji mpaka chini kabisa, unapuliza kwa mdomo, maji yanatokota na chumvi inapanda. Kazi hiyo ilikuwa ya Lozan, ambaye kwa sigara zake alipuliza mara tatu na kukohoa mara nane. Kila alipoinama juu ya pipa aliona alama ya msalaba ndani ya maji, ikimtazama.

Wiki iliyofuata Nedyalka alianza kung'oa liki ili azifukie kwenye mchanga wa stoo. Lozan alikuja mbio, mbio ambazo bustani ile haikuwahi kuziona.

"Hiyo iache!"

"Kwa nini?"

"Ni ya mbegu."

"Imekauka kama kidole cha marehemu, itatoa mbegu gani?"

"Hizo ndizo hutoa mbegu nzuri."

Nedyalka alimtazama, akatazama liki, akaenda zake akinung'unika kwamba uzee huanzia kichwani.

Jioni ileile alirudi kutoka dukani na habari. Rangel ameita mpima ardhi, anakuja Alhamisi. Akishapima, Rangel atajenga ukuta wa zege, mita mbili kwenda juu, kabla ardhi haijaganda.

"Ajenge," alisema Nedyalka. "Nimechoka kuiona soksi yake kwenye kamba. Soksi moja! Ya pili inakwenda wapi?"

Lozan aliweka kijiko chini. Siku za mwizi ni arobaini, ndivyo isemwavyo, na yeye alikuwa siku ya kumi tu. Wakikuta jiwe halipo, basi yote aliyosemwa miaka kumi na moja yatakuwa kweli, na kweli hiyo itafungwa kwa ukuta wa zege, asimwone Rangel tena hadi amwone ndani ya jeneza.

Alijaribu mara tatu kulitoa. Mara ya kwanza alimkuta Nedyalka stoo akipanga chupa za pilipili hoho. Mara ya pili alikuwa anageuza viazi. Mara ya tatu hakuwapo mtu, Lozan akakunja mkono wa shati, akazamisha mkono mpaka kiwiko, akalikamata jiwe. Kabichi zilisukuma kutoka chini, povu likapanda. Alijua akilitoa hana la kuweka badala yake, na kazi yote ya mkewe itaharibika. Akaliachia. Alipopanda juu alikuwa ananuka kabichi hata nywele.

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa naonja."

"Kwa kwapa?"

Alhamisi ilikuja na baridi ya kuuma masikio. Mpima ardhi alikuwa mwanamke kijana aitwaye Bisera, amevaa viatu vya mpira, amebeba chombo chake cha miguu mitatu. Rangel alimtangulia akiwa amevaa koti la kanisani. Alikuwa amekonda. Lozan na Nedyalka walisimama upande wao wa bustani.

"Jiwe liko hapa," alisema Rangel, akainama. Kisha akainuka taratibu. "Hapa kuna liki."

"Liki ndiyo mpaka?" aliuliza Bisera.

"Palikuwa na jiwe hapa miaka sitini! Binti, andika. Andika kwamba jiwe limeibwa, na mwizi ni yule pale, mwenye kofia."

Nedyalka alimvaa kabla hajamaliza.

"We Rangel! Mdomo wako huo haujafa na baridi bado? Huyu mume wangu hainui hata sahani yake mezani, atainua jiwe? Miaka kumi na moja unamchafua, naye kimya, kwa sababu ni mtu mwema kuliko wewe!"

"Basi liko wapi?"

"Nitajuaje? Labda limekukimbia! Sikiliza, nawe mwanangu sikiliza." Alijipiga kifuani. "Kama mume wangu ameligusa jiwe hilo, pipa langu lote lioze! Kabichi zangu zilainike niziokote kwa kijiko!"

Kutukanwa Lozan alikuwa amezoea. Lakini mke wake, mwanamke asiyeapa ovyo, alikuwa ameliweka pipa lake rehani kwa ajili ya jina lake yeye. Na pipa lenyewe lilikuwa hapo chini, likisikia.

"Nedyalka, futa kiapo," alisema.

"Nifute nini?"

"Kifute. Jiwe liko ndani ya pipa."

Bisera aliacha kuandika.

"Letu lilinivunjikia," Lozan aliendelea, akiongea na Rangel na si na mkewe, maana usoni mwa mkewe hakuthubutu kutazama. "Nilikuwa na sigara mkononi. Ile shubiri yako, Rangel, sikuiiba. Naapa kwa baba yangu, kabla ya mwezi huu sijawahi kuligusa jiwe lile. Lakini sasa nimeligusa, basi niite unavyotaka. Nakwenda kulitoa."

Wote wanne walishuka stoo. Lozan alivua koti, akakunja mkono wa shati na kuinama juu ya pipa. Povu jeupe lilikuwa limezunguka alama ya msalaba.

"Usiliguse!"

Alikuwa Rangel. Amepauka.

"Nini?"

"Hii ni siku ya ngapi?"

"Ya kumi na mbili," alijibu Nedyalka kwa sauti ndogo.

"Siku ya kumi na mbili anataka kutoa jiwe! Una wazimu? Kabichi ndiyo kwanza imeanza kuchacha! Unataka kuua pipa zima kwa ajili ya shubiri ya udongo?"

"Lakini ni wewe uliyetaka..."

"Nilitaka mpaka. Sikusema nataka kabichi zife."

Bisera alikohoa kidogo. "Wazee wangu, mimi jiwe silihitaji. Chombo changu kinasoma ramani. Nipeni nusu saa, nitawaonyesha mpaka ulipo."

Rangel alimtazama kana kwamba amemtukania mama.

"Binti, mpaka wetu ni jiwe. Na jiwe liko kazini. Njoo siku likitoka kazini."

"Lini?"

"Krismasi."

"Krismasi ardhi itakuwa imeganda. Ukuta hutaujenga."

"Basi itakuwa imeganda," alisema Rangel.

Bisera alifunga daftari, akapanda ngazi. Walibaki watatu. Rangel alichovya kidole pembeni mwa pipa, akaonja. Akafumba macho. Tangu Petrana afe, kabichi aliyokula ilikuwa ya mfuko wa plastiki kutoka dukani, na kila mtu kijijini alijua.

"Chumvi kidogo," alisema.

"Chumvi kidogo?" Nedyalka aliruka. "Kwenye pipa langu? Hata soksi zako zimekushinda, leo unanifundisha chumvi!"

"Nina haki ya kusema. Jiwe nusu ni langu. Kwa hiyo kabichi zilizo chini ya nusu yangu..."

"Ziko ngapi?" aliuliza Lozan.

"Tutahesabu Krismasi."

Nedyalka alimwangalia mmoja, akamwangalia mwingine. Kwa mumewe alikuwa na maneno ya kumtosha mpaka majira ya kuchipua, lakini aliyaweka. Alipanda juu kuweka sahani ya tatu mezani, akiibamiza kwa nguvu ili wasije wakadhani amesamehe.

Ilikuwa siku ya kupuliza. Kwa kuwa hakujua afanye nini na mikono yake, Lozan alichukua mpira, akaushusha mpaka chini na kuanza. Alipuliza mara tatu, akakohoa, akapuliza tena. Rangel alisimama kando yake, mikono mfukoni.

"Dirisha la stoo yako liko upande wangu," alisema Rangel. "Miaka kumi na moja, kila msimu wa baridi ukianza, nakaa jikoni kwangu nakusikia ukipuliza."

"Na kisha?"

Rangel alitazama maji.

"Unapuliza vibaya, Lozan. Miaka yote hiyo unapuliza vibaya, na mimi sina ruhusa ya kuja kukwambia."

Lozan alifuta ncha ya mpira kwa shati lake, akampa.