Godoro la Dirishani

Yokani ndiyo iliyomtia Munakata Chie shaka. Oyamada, prodyuza wa studio ya katuni, aliileta nyumbani kwake ameishika kwa mikono miwili: maharage na sukari vilivyogandishwa vikawa vizito kama tofali, kutoka duka la kizamani kule Akasaka. Hapa Tokyo anayekuja kusalimia tu huleta biskuti. Yokani ya namna ile huletwa na mtu mwenye radhi ya kuomba, na kadiri boksi linavyokuwa zito ndivyo kosa linavyokuwa kubwa.

"Umenikosea nini, Oyamada?"

"Aa, hakuna kitu, Mwalimu! Salamu tu."

"Salamu nzito hivi? Mkono hautakuteguka?"

Oyamada akacheka, akainama mara tatu na kuondoka kama mtu aliyeacha sufuria jikoni. Chie aliliweka boksi juu ya friji bila kulifungua. Kulila kungekuwa kusamehe, na yeye hakuwa mjinga wa kusamehe kosa ambalo hata hakulijua.

Lakini alilihisi. Zamani, yeye na kijana aitwaye Shibukawa Iwao walitunga gemu iliyopendwa na watoto wa nchi nzima. Chie alitunga safari ya mashujaa watatu, panga zao na mazimwi yao. Iwao aliachiwa maneno ya wanakijiji, wale ambao mchezaji huwapita mbio akienda vitani. Walikuwa wakigombana asubuhi hadi jioni. Iwao alitaka gemu ya watu wanaopika wali na kuanika magodoro juani. Chie alitaka vita, na Chie ndiye aliyekuwa mkubwa. Nafasi ndani ya kaseti ya gemu ilikuwa finyu, basi akawa anayafyeka maneno ya mwenzake kwa kalamu nyekundu. Hata godoro moja waliligombania. Katika nyumba ya wageni Iwao alichora magodoro manne.

"Mashujaa ni watatu," Chie alifoka. "La nne la nani?"

"Liache tu, bosi. Nikilitoa picha yote itaharibika."

Iwao aliugua akafa kijana. Kilichobaki chake duniani ni yale maneno machache ya wanakijiji.

Sasa studio ilikuwa ikiigeuza gemu ile kuwa katuni ya televisheni isiyo na vita kabisa. Mashujaa wametua kijijini, wanafua, wanapika, wanagombania zamu ya kuoga. Ndoto ya Iwao hasa! Chie alikubali kwa ajili yake, kwa sharti moja tu: maneno ya Iwao yasiguswe. Lakini katika kila muswada aliopewa kusoma, mama mwenye nyumba ya wageni, kipenzi cha Iwao, alikuwa bubu. Anapita na trei, kimya. Anamimina chai, kimya. Chie alipouliza kikaoni, Oyamada alijibu, "Tutalitafakari kwa makini, Mwalimu," na aliyekulia nchi hii anajua kwamba jibu hilo ni hapana iliyovaa suti.

Wananivisha kilemba cha ukoka, alijiambia. Wananiita Mwalimu huku wanamzika Iwao mara ya pili.

Siku ya muswada wa mwisho alifika studioni na boksi lake, akalibwaga mezani mbele ya Oyamada na mwongozaji, kijana Kitsukawa, ambaye tangu vikao vianze hajawahi kumtazama machoni.

"Tofali lenu hilo. Mama wa watu mmemkata ulimi, halafu mnaniletea sukari?"

Oyamada akabadilika rangi. Kitsukawa akamsogezea muswada, umefunguliwa ukurasa wa mwisho.

"Mwalimu, anaongea hapo. Tulimwekea akiba."

"Maneno ya nani? Yako?"

"Ya Mwalimu Shibukawa. Nilipokuwa mtoto nikicheza gemu yenu niliyaogopa sana mazimwi, sikuwahi kutoka kijijini. Wenzangu wanaokoa dunia, mimi nalala tu nyumba ya wageni, naamka, nalala tena. Siku moja yule mama akaniambia jambo jipya."

"Uongo. Maneno yake yote yalipita mkononi mwangu."

"Haya aliyaficha, Mwalimu. Hayaji mpaka ulale humo mara nyingi mno."

Chie alisoma, midomo imekaza. *Umelala tena? Vizuri. Huko nje kuna mazimwi, na baya kuliko yote ni mtu fulani. Jifunike. Akija kukutafuta, nitamwambia hakuna mtu hapa.*

Moyo ukamlipuka. Ni Iwao, Iwao mtupu, na utani wake ule ule! Kisha machale yakamcheza, akarudia mstari mmoja.

"Mtu fulani? Iwao hakuwahi kusema 'mtu fulani' maishani mwake. Hapa mmegusa."

Oyamada aliinama mpaka paji la uso likagonga meza.

"Tusamehe, Mwalimu. Kulikuwa na jina. Tuliona ni kukosa adabu, nawe bado u hai. Na kuna sentensi ya mwisho, inamhusu huyo huyo, tukaikata pia."

"Jina gani?"

Chie alimgeukia Kitsukawa, na kwa mara ya kwanza kijana akamtazama machoni.

"Munakata," alisema. "Baya kuliko yote ni Munakata."

Chie akaangua kicheko, kicheko cha kugonga meza, hata Oyamada akainua kichwa kwa hofu. Akachomoa kalamu nyekundu, ya aina ile ile aliyomfyekea Iwao maneno yake, akafuta "mtu fulani" na kuandika jina lake kwa herufi kubwa.

"Na sentensi mliyokata? Isome."

Kitsukawa hakuhitaji karatasi. Alikuwa nayo kichwani tangu utotoni.

"Na siku naye akichoka, mwambie nimemtandikia lile la dirishani."

Kalamu ilibaki hewani. Chie aliliona lile godoro la nne, lililokaa chini ya dirisha miaka yote, ambalo hakuna shujaa aliyewahi kulilalia. Alilia bila kujificha, mbele ya watu wanaomwita Mwalimu, kisha akapangusa macho na kuandika sentensi ile mahali pake kwa wino mwekundu.

"Leteni kisu," alisema, akaanza kulifungua boksi.