Ulimi Uliobaki Nyumbani

Alhamisi saa mbili asubuhi, Noelene Cudmore wa kijiji cha Nimbin alidondosha matone manne ya mafuta ya bangi chini ya ulimi, akasubiri yakolee, kisha akaung'oa ulimi na kuutia katika glasi ya meno yake ya bandia. Ulimi hauna mfupa, haukumsumbua.

Mafuta yalikuwa halali. Daktari alimwandikia kwa ajili ya vidole vyake, vilivyopinda kwa miaka arobaini ya kukamua ng'ombe. Haramu ni kuendesha gari yakiwa bado mdomoni, hata kama uliyatia jana na kichwa chako kimetulia kuliko cha askari anayekusimamisha. Ndiyo sheria yetu, na aliyeitunga bila shaka hajawahi kuumwa vidole.

"Sasa Merv utamwambiaje ale?" ulimi ukauliza.

Noelene hakujibu. Angejibu kwa ulimi upi?

Merv, mumewe, yuko nyumba ya wazee, mjini Lismore. Hagusi chakula mpaka mkewe awe kando ya kitanda chake, na basi hufika sahani zimeshaondolewa. Kwa hiyo Noelene akawasha gari.

Darajani, Konstebo Tindall alimnyooshea kijiti cha kupimia bangi kwenye mate.

"Za asubuhi, mama. Lamba hapa."

Akapanua mdomo. Tindall akachungulia.

"Umeuacha nyumbani?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Wa tatu wiki hii," Tindall alimwambia mwenzake, huku akiandika. "Watu wanasahau ndimi kama miavuli!"

Nyuma yake alisimamishwa jirani yake Garth, aliyekuwa amemeza vidonge vya afyuni vya maumivu ya mgongo. Garth akalamba kijiti, ambacho hakijui afyuni, akaonekana msafi. "Asante sana, kaka," akakiambia kibao cha barabarani, akaondoka.

Mahakamani Noelene alikwenda kwa basi, ulimi ukiwa mahali pake.

"Naamini hukulewa," alisema hakimu. "Naamini pia ulimi haukuwemo garini. Lakini asiyeleta ulimi amekataa kulamba. Leseni tunaishikilia miezi sita."

Noelene alimjibu neno moja, ambalo karani aliona haya kuliandika.

Ulimi, kwa upande wake, haukuhitaji leseni. Tangu siku hiyo, kila asubuhi tarishi huupakia kwenye chupa ya jamu, kiti cha mbele cha gari la posta, na kuufunga mkanda. Lismore muuguzi huiweka chupa karibu na bakuli la uji.

"Meza, mzee, usinitie wazimu," ulimi humwambia Merv, naye humeza. Muuguzi ameandika kuwa mgonjwa anaendelea vizuri.

Noelene hushinda jikoni kimya, mikono mapajani. Inamuuma, na si vidole tu.

Jioni moja tarishi aliurudisha. Noelene akausuuza, akaurudisha kinywani, na kabla hajafikiria la kusema akajisikia mwenyewe akisema:

"Merv anauliza kwa nini umemwacha."