Akiba ya Kola

Sesilia, fundi cherehani wa Buguruni, alitanua kola za magauni yake mara nne ndipo akakubali kwamba nguo hazikuwa na kosa. Shingoni kulikuwa na uvimbe. Daktari alikata kinyama, akakitia kwenye kichupa, akasema ni saratani ya tezi za limfu, ila bado hajajua inakua kwa kasi gani. Kama ni ya mbio, dawa kali zianze mwezi huu, na huenda ikayeyuka. Ikicheleweshwa, Krismasi asiipangie.

Wiki ya tatu akaenda maabara kufuata majibu.

"Shikamoo, mama," alisema Gaudens, kijana wa mapokezi. "Bado. Kemikali ya kupimia kasi imeisha."

"Na kinyama changu?"

"Kipo. Kinakua."

Jumatatu kilikuwa kimepasua kichupa, kikahamishiwa kwenye ndoo ya rangi. Jumatano ndoo haikukitosha. Sasa kilikaa kwenye benchi la wagonjwa, kwa adabu zake, kikubwa kama mtoto wa darasa la pili. Kilikuwa na namba sita. Sesilia akapewa saba, akaketi. Namba sita ikamsogelea kidogo. Si kwa ubaya, ni kukua tu.

Alitoa futi kwenye pochi, akakipima kiunoni. Saa sita mchana akakipima tena. Sentimita nne zimeongezeka. Akaandika nyuma ya kadi ya kliniki, akaipeleka dirishani.

"Kasi hiyo hapo, mwanangu. Andika."

Gaudens aliisoma kadi, akachungulia benchi.

"Mama, mie naona. Hata mlinzi anaona, na yule macho yake tunayajua. Lakini fomu haina sehemu ya kuona. Ina sehemu ya mashine."

"Mashine mbovu?"

"Nzima kabisa. Kemikali tu. Njoo mwezi ujao."

"Mwezi ujao nije na shingo ipi?"

Gaudens alikuna kichwa, akashusha sauti.

"Ila we si fundi? Tushonee hicho kitu gauni, basi. Watu wanakikodolea macho, hawasikii namba zao zikiitwa."

Sesilia hakubisha. Alikipima tena, safari hii vizuri. Mabega hakikuwa nayo, kwa hiyo kazi ilikuwa nyepesi. Jioni alikata kitenge, akashona, na kwenye kila mshono akaacha inchi tatu za kutanulia, maana mteja mwenyewe bado anakua.

Kisha akaligeuza gauni lake, apate cha kutanulia kola. Kitambaa cha akiba kwenye mshono kilikuwa kimekwisha.