Chiriku Ndani ya Ghala

Memsahib aliondoka Kapseret mwaka wa 1966, baada ya kuuza shamba kwa kikundi chetu cha kununua ardhi. Nilikuwa nimempikia miaka kumi na moja. Akaniachia sufuria mbili, kabati la nyama lenye wavu wa waya mwembamba, na chiriku sita. Kizimba chao kilikuwa kimeuzwa pamoja na viti, kwa hivyo alinipa ndege ndani ya boksi la viatu.

"Nyaguthii, baridi hawataki, upepo hawataki, panya hawataki."

Nikamwambia hata mimi sitaki. Akalia, akaingia kwenye gari.

Mimi na mume wangu Mburu tulikuwa tumeonyeshwa ekari tano kwenye shamba hilo hilo, lakini hatukuwa tumepewa bado. Kamati iliweka sheria: kabla ya Krismasi kila mwanachama awe na nyumba na ghala la mahindi, ionekane yeye ni mkulima kweli. Asiye na vyote viwili, kipande chake kinaenda kwa mwingine. Waliokuwa wakingoja mjini Eldoret walikuwa wengi.

Chiriku nikawaweka kwanza jikoni. Moshi ukawakohoza. Mtu ambaye hajamsikia chiriku akikohoa atanicheka, mwache acheke. Mburu akawatengenezea kizimba cha waya wa kuku. Chiriku mmoja akapita kwenye tundu la waya, akatembea juu ya paa, akaona baridi, akarudi kwa tundu lile lile. Ndipo tukajua tundu ni kubwa. Kesho yake panya naye akajua. Wakabaki watano.

Wakati huo Mburu alikuwa amemaliza kusuka ghala kwa fito, la mviringo, limesimama juu ya miguu kama la mama yake kule Nyeri. Mimi nikaliezeka nyasi. Nikalizunguka mara mbili. Baridi haikuingia, upepo haukuingia. Miguu nikaivalisha mikebe iliyopinduliwa, panya akipanda ateleze. Nikatoboa dirisha, nikaliziba kwa waya wa lile kabati la nyama. Nikaweka vijiti vya kusimamia, maji na mtama. Chiriku waliingia, wakaimba siku hiyo hiyo.

"Na mahindi?" Mburu akauliza.

"Mahindi haikohoi."

Tukaweka magunia chumbani, tukawa tunalala ubavuni mwake.

Jirani yetu Priscah, ambaye watu wake walikuwa hapo kabla yetu na kabla ya Memsahib, alikuja kuleta maziwa. Akasimama chini ya ghala akisikiliza.

"Mama Waceke," akaniita kwa jina la binti yetu aliyebaki Nyeri, "hiyo ni nini inalia?"

"Ni chiriku."

"Ndani ya ghala? Mimi nimemaliza utoto wangu kwa shamba la wimbi nikirushia hao mawe, na wewe umewajengea!"

Alicheka mpaka maziwa yakamwagika. Kisha akauliza kama wanakula wimbi. Kesho yake akaleta.

Kamati ilifika wiki mbili kabla ya Krismasi: mwenyekiti Mzee Gathogo, na karani Kabiru mwenye kitabu. Nyumba waliiona, ya mabati, chumba kimoja, jiko kando. Wakaandika. Walipofika kwenye ghala, Mzee Gathogo akaweka mikono nyuma. Kwetu ghala ni la mke, na mwanamume hafungui ghala la mke wa mtu. Akalisikiliza tu.

"Mama Waceke, mahindi yako inaimba?"

"Hapana, Mzee. Mahindi iko chumbani. Hapa kuna chiriku."

"Chiriku. Wale wanakula nafaka?"

"Hao hao."

"Umefungia wezi ndani ya stoo."

"Lakini wamefungwa, Mzee."

Kabiru akauliza, "Niandike ghala iko ama haiko?"

Mzee Gathogo alifikiri mpaka ng'ombe wa Priscah akaja kutuangalia. Mwishowe akasema ghala bila mahindi ni kikapu chenye miguu. Akatupatia muda mpaka Jumamosi. Mahindi yaonekane ndani ya ghala, ama ekari tano ziende kwa mtu wa mjini.

Mburu hakunigombeza. Alisema tu, "Mama Waceke, hao ndege wataenda wapi?"

Nikazunguka nyumba mara mbili. Baridi haikuingia, upepo haukuingia. Panya aliyekuwa akifuata magunia angeyafuata nje. Ijumaa tukamwaga mahindi ghalani. Waya nikautoa huko, nikaupigilia kwenye dirisha la chumba cha kulala. Mburu alitazama kitanda, akanitazama, akashika upande mmoja, mimi nikashika wa pili.

Jumamosi nilifungua ghala kwa mkono wangu, Mzee Gathogo akaona mahindi mpaka mlangoni. Akafurahi. Kisha akasikia wimbo ukitoka kwenye nyumba. Akachungulia dirishani.

"Na nyinyi mnalala wapi?"

"Jikoni," Mburu akasema.

"Kwa moshi?"

"Tunakohoa kidogo."

Mzee Gathogo akamgeukia karani. "Sheria inasema nani alale kwa nyumba?"

Kabiru alisoma ukurasa mzima kwa kidole. "Haisemi, Mzee. Inasema iwepo."

"Basi andika."

Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu tu, lakini alipoandika nilisimama karibu, nikasoma mwenyewe: *Mburu na mkewe. Nyumba ipo. Ghala ipo. Watu wapo jikoni. Wapewe shamba.*