Msasa Kwenye Kioo

Bucha ilipofunguliwa nyuma ya nyumba yetu pale mtaa wa Jericho, Nairobi, mwaka wa sabini na tisa, nilimwambia mume wangu kwamba nzi watatumaliza. Kimeu akacheka. Wakati huo bado alikuwa na mdomo wa kucheka.

Alikuwa mchonga vinyago. Yeye alichonga twiga na vifaru, mimi nikapiga msasa. Miaka kumi na minane nimepiga msasa mimi, vidole vikalainika, hata nilipokwenda kuchukua kipande, kile kitambulisho cha serikali, karani alinibonyeza kidole kwenye wino mara tatu na hakuna alama iliyotoka. Akaniuliza mimi ni mtu au ni jini. Nikamwambia mimi ni mke wa fundi.

Tulikuwa na mtoto mmoja, Ndindi. Alipopata mimba akiwa kidato cha pili, baba yake alimfukuza. Alimwambia, "Usikanyage hapa mpaka nikuite mwenyewe." Mimi nilikuwa nakoroga uji, nikaendelea kukoroga. Hilo ni kosa langu, wala simsingizii mtu.

Haikupita miezi mitano, Kimeu akapooza upande wote wa kulia. Mdomo ukapinda. Neno la kwanza alilotoa lilikuwa jina la msichana wetu. Nikasikia Ndindi ameonekana Kariobangi, nikazunguka huko Jumapili tatu nikibisha milango ya watu. Wapi! Hakuna aliyemjua.

"Yule hatabisha," Kimeu akaniambia. Maneno yalitoka yamekunjamana lakini mimi nilimwelewa. "Namjua mtoto wangu. Atasimama pale mferejini, kwenye bomba la maji mbele ya dirisha, atazame. Nikimpungia, ataingia."

Basi kila asubuhi kabla ya kwenda kuuza mboga nikawa namkalisha dirishani, mkono wa kushoto, ule mzima, juu ya paja. Mlangoni alikataa katakata. Hakutaka watu wauone mdomo wake. Na dirisha lenyewe lilikuwa la chuma, kutu imelishika, halifunguki hata ulitukane.

Sasa hao nzi. Mchana wanakula matumbo ya mbuzi huko nyuma, jioni wanakuja kulala kwenye kioo changu na kunya hapo. Madoa meusi, madogo, mamia kwa mamia. Nikipangusa kwa kitambaa kikavu, hayatoki. Nikikwaruza kwa ukucha, yanatoka mawili na kesho yamerudi kumi. Kimeu akawa anaona kila doa ni mtu. Mama Amolo, jirani yangu, yule Rispa ambaye mumewe anafanya kazi ya reli, aliniambia mkono wa mzee unapunga hata kuku akipita. Alicheka kidogo. Mimi sikucheka.

Jumanne moja Kimeu akasema, "Mama Ndindi, mfereji siuoni tena." Alisema polepole, kama mtu anayeomba radhi. Nikashikwa na hasira. Si na yeye, ila na nzi, na bucha, na kila kitu. Nikafanya kile mikono yangu inachokijua. Nikachukua msasa laini, ule wa kumalizia, nikautemea mate, nikasugua kioo chote, mviringo kwa mviringo, kama mgongo wa kifaru. Madoa yakatoka yote. Nikajisifu.

Jua lilipopiga, kioo kilikuwa cheupe kama maziwa.

Nilidhani naweza kurekebisha. Mti ukikwaruzika unapaka nta, unasugua, unang'aa. Nikapaka nta. Ikawa mafuta juu ya ukungu. Nikakaa chini sakafuni nikalia, na Kimeu kwa mkono wake mzima akawa ananipapasa kichwa, akisema si kitu, si kitu. Nikakimbia kwa fundi wa vioo. Akasema atakuja Jumamosi. Nikasema sawa, siku nne si nyingi.

Alhamisi jioni nilirudi sokoni, nikamkuta Mama Amolo mferejini anangojea ndoo yake ijae.

"Umeonana na Ndindi?" akaniuliza.

Nikatua kikapu changu chini.

"Alikuwa hapa asubuhi. Ana mtoto mgongoni. Alisimama papa hapa, akitazama dirisha lenu. Mzee alikuwa amesogea kabisa, nilikiona kivuli cha kichwa chake kwenye kioo. Msichana akampungia. Akangoja. Akampungia tena." Akafunga mfereji. "Nilishangaa mzee hakuinua mkono. Basi akajipangusa uso na leso, akaondoka. Nilikuwa naanika nguo, nikamwita, lakini alikuwa ameshavuka barabara."

"Alikwenda upande gani?"

"Kule," akasema, na kule ni Nairobi yote.

Nilienda mpaka barabarani, nikasimama. Giza lilipoanza nikarudi nyumbani. Kimeu alikuwa bado kwenye kiti chake, uso karibu na kile kioo kibovu.

"Leo kuna mtu amekuja?" akaniuliza.

"Hakuna," nikasema.

Jumamosi fundi alikuja, akang'oa kile kioo, akatia kipya. Kabla hajaondoka nilikilowesha kwa maji ya moto na sabuni, nikakipangusa polepole, kama Mama Amolo alivyonifundisha baada ya mambo kuharibika. Mfereji ukaonekana wazi, na ndoo, na miguu ya watoto. Kimeu akatazama kwa muda mrefu. Upande mmoja wa mdomo wake ukatabasamu.

"Sasa akija, nitamwona," akasema.

"Ndiyo, Baba Ndindi," nikamwambia. "Akija utamwona."