Swali la Kumi na Moja

Fomu ilifika kavu. Mfuko wa plastiki ulikuwa na matope mpaka kwenye fundo, na fundo lenyewe lilinitoa jasho, maana mjomba alifunga vitu kama mtu asiyemwamini yeyote. Lakini karatasi za ndani zilikuwa safi, zimekunjwa mara mbili, na muhuri wa kata haukuwa umechuja hata kidogo. Aliyezibeba hakufika. Mto ulimchukua Jumanne, wakampata Alhamisi, na Jumatatu mkewe akaja ofisini, akauweka ule mfuko mezani kwangu, akakaa.

"Alisema ni yako," akaniambia.

Mimi ni afisa takwimu katika ofisi ya mipango ya wilaya. Kila mwaka makarani wa kata ishirini na saba huniletea fomu: watoto wangapi, visima vingapi, zahanati iko umbali gani, wangapi wamekufa na kwa sababu gani. Naziingiza kwenye jedwali, jedwali linazipanga kata kwa uhitaji, na fedha za maendeleo zinakwenda kwa zile tano za juu. Niliipenda kazi hii kwa sababu namba hazina shangazi wala mjomba. Nilikuwa nalisema hilo kwa majigambo, hasa mbele ya wenzangu waliojua kwamba karani wa kata ya ng'ambo ya mto ni kaka yake mama yangu, aliyenilea tangu nikiwa na miaka sita na kunifundisha kujumlisha kwa vifuniko vya soda.

Mwaka uliotangulia, fomu zilitakiwa Ijumaa saa kumi jioni, zenye sahihi na muhuri. Kwa simu hazikukubaliwa. Ishirini na sita zilifika. Ya ng'ambo haikufika. Kanuni yetu ilikuwa fupi: kata isiyoleta fomu inajaziwa wastani wa wilaya. Nikajaza. Umbali wa zahanati, kilomita nne. Swali la kumi na moja, waliokufa maji, wastani ulikuwa sifuri nukta nne, na kwa kuwa hakuna mtu anayekufa nukta nne, nikaandika sifuri. Kisha nikanywa chai yangu.

Jumatatu saa mbili asubuhi mjomba akasimama mlangoni, suruali imelowa mpaka mapajani, viatu mkononi.

"Shikamoo, mjomba. Chelewa chelewa, utakuta mwana si wako."

Akacheka. "Marahaba. Mwana ni wangu. Mto ndio si wangu."

Mto ulikuwa umejaa siku nne, akaeleza, na kamba ya kuvukia ilikatika. Akanipa fomu. Jibu lake la swali la kumi na moja lilikuwa tano, na wawili kati yao walikuwa wanafunzi. Huo ulikuwa mwaka wa sita anaomba daraja, kwa njia pekee aliyoijua, yaani kuhesabu vizuri.

Jedwali lilikuwa bado mezani kwangu. Lingechukuliwa saa nne. Kubadilisha mstari mmoja kungenichukua robo saa, na bosi wangu hakuwa mtu mbaya; angetia sahihi bila hata kuuliza. Lakini mwenzangu wa meza ya pili alikuwa ameinua macho, anatabasamu, anangoja kuona. Niseme ukweli: sikuogopa kanuni. Niliogopa kuitwa mtu wa kujuana.

"Mwakani, mjomba," nikasema kwa sauti, ili isikike mpaka meza ya pili. "Mwakani uwahi."

Alinitazama kidogo. Akainama akavaa viatu vyake taratibu, mguu mmoja, kisha wa pili.

"Sawa, afisa," akasema. Hakuwahi kuniita hivyo kabla.

Kata ya ng'ambo ikatokea ya kumi na nne, katikati kabisa, pahali pa watu wasio na shida. Nilipoliona lile jedwali limebandikwa ukutani nilijisikia vibaya kwa siku mbili hivi, kisha kazi zikanizidi nikasahau.

Daraja lipo sasa. Ni la zege, lina kingo za chuma, na malori yanapita. Kwa fomu ile iliyofika kavu kata ilishika nafasi ya kwanza, na bosi akatuambia mkutanoni, "Mnaona? Takwimu zikiletwa kwa wakati, zinafanya kazi." Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga. Nimelivuka mara moja tu, kwenda kaburini kwa mjomba, na wakati wa kurudi nilifumba macho mpaka dereva aliponiambia tumeshapita.

Siku ile ofisini mke wa mjomba hakulia. Alikaa na mkoba wake mapajani, kama watu wote wanaokuja kungoja huduma.

"Mvua ilikuwa kubwa," akasema. "Nikamwambia asubiri, mbona zimebaki wiki tatu nzima? Akasema hapana, mwanangu kaniambia niwahi."

Hakuwa ananilaumu. Alikuwa ananieleza tu, na hilo liliniuma kuliko laana. Nikazikunjua karatasi nikaanza kusoma, maana sikujua jambo lingine la kufanya kwa mikono yangu. Mwandiko wake ulikuwa uleule wa zamani, saba zake zimekatwa katikati, kila jibu limeandikwa kwa tarakimu na tena kwa maneno. Watoto. Visima. Zahanati, kilomita kumi na tisa. Kwenye swali la kumi na moja alikuwa ameandika tatu.

Kanuni inamkataza afisa kugusa namba iliyoletwa na kata. Nikachukua kalamu, nikaikata ile tatu kwa mstari mmoja, nikaandika nne, nikatia sahihi pembeni. Sahihi yenyewe haikufanana na yangu.

Mke wa mjomba alikuwa akiufuata mkono wangu kwa macho. Hakuuliza nimebadilisha nini.

"Lakini imewahi?" akauliza.

"Imewahi, mama," nikasema.